Barua kwa mwanangu Biubwa: kidonge cha mafuta na sukari yako

Wete, Pemba

Mwanangu Biubwa,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, sisi huku wazima, ila mama yako na goti lake. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza nilisikia khofu tu. Unasema daktari wa huko Dar kakuandikia atorvastatin, dawa ya kupunguza kolesteroli, yaani mafuta ya kwenye damu, ya miligramu 20, kidonge kimoja kila siku, na shoga yako wa kazini kakwambia dawa hizo zinapandisha sukari na kula ini. Ukaniuliza: "Baba, sukari ninayo tayari miaka mitano. Hii si kumwagia moto mafuta?"

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunakatana maneno.

Shoga yako hakusema uongo. Dawa hizi zinapandisha sukari kidogo, na dozi kubwa zaidi kuliko ndogo. Mtu aliye ukingoni mwa kisukari zinaweza kumvusha. Lakini wewe mto huo ulishauvuka. Kwako kitakachotokea ni kipimo chako cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kusogea juu kidogo, na kusogea huko kunarekebishwa kwa dawa ya sukari na kwa sahani yako. Mshipa wa moyo ulioziba haurekebishwi hivyo. Na mwenye kisukari, mwanangu, mara nyingi haondoshwi na sukari yenyewe, anaondoshwa na moyo au kiharusi. Bibi yako tulimzika kwa kiharusi, na sukari yake asubuhi ile ilikuwa nzuri.

Nimesomesha hesabu miaka 31, kwa hiyo niache nihesabu. Uingereza na Ireland walifanya utafiti uliotoa majibu mwaka 2004, daktari wangu wa moyo Unguja ndiye aliyenionesha. Watu 2,838 wenye kisukari cha aina ya pili, umri 40 hadi 75, moyo haujawahi kuwasumbua. Yaani watu kama wewe. Nusu wakapewa atorvastatin ya miligramu 10, nusu kidonge kinachofanana nayo kisicho na kitu ndani, na hakuna aliyejua kapata kipi. Kwa muda wa kama miaka minne, wasiopata dawa, 127 kati ya 1,410 walipatwa na shambulio la moyo, au kiharusi, au ikabidi wazibuliwe mishipa. Waliokunywa dawa walikuwa 83 kati ya 1,428. Utafiti ukasimamishwa miaka miwili kabla ya wakati wake, faida ilikwisha onekana.

Watu watatangaza kuwa hatari ilipungua kwa asilimia 37. Mimi nataka uione hivi: wasimamishe watu 100 kwenye uwanja wetu wa kuanikia karafuu. Bila dawa, 9 wanaanguka. Kwa dawa, 6. Watatu wamepona kwa kidonge, sita kidonge hakikuwafaa, na 91 wangekuwa wazima hata wangekitupa baharini. Wewe ni yupi kati yao, hakuna daktari atakayekwambia. Hiyo ni miaka minne tu, nawe una 43 na mbele yako, inshallah, mna miaka mingi. Kwa hesabu hiyo mimi nasema: kinywe.

Hesabu yangu ni nyingine, mimi nilishapata shambulio. Kwa watu wa namna yangu, nchi za Skandinavia mwaka 1994 zilipima wagonjwa 4,444 kwa simvastatin, dawa ya jamii moja na yako: wasio na dawa walikufa 256, wenye dawa 182. Hapo hakuna ubishi. Lakini kijana wa miaka 30 asiye na sukari, asiye na presha, havuti sigara, na kwao hakuna ugonjwa wa moyo, angeniuliza mimi ningemwambia asiharakishe.

Kuhusu ini: kidonge kinafanya kazi humo humo kwenye ini, ndiyo maana watu wanaogopa. Ini ndilo linalotengeneza kolesteroli, kidonge kinalibania, nalo likiona limepungukiwa linavuta ile mbaya, LDL, kutoka kwenye damu. Kuliharibu hasa ni nadra sana. Mwombe daktari kipimo cha ini kabla hujaanza. Ukiona macho yamekuwa manjano, usingoje miadi. LDL yako ni 3.6, kwa miligramu 20 tegemea ipungue kama asilimia 40, nawe ukapime tena baada ya miezi miwili mitatu. Kwa wanaosema ni kemikali tu: Mjapani Akira Endo aliipata dawa ya kwanza ya jamii hii mwaka 1973 kwenye kuvu, ndugu wa ile iliyotupa penisilini. Alipima aina zipatazo 6,000 kabla ya kuipata.

Sasa misuli, na hapa nina aibu yangu. Msimu mmoja wa karafuu miguu iliniuma hata ngazi za msikiti zikawa mlima. Nikaacha dawa miezi mitatu, kimya kimya, mama yako akihesabu vidonge namdanganya. LDL ikapanda hadi 4.2. Daktari alipojua hakunigombeza, aliniuliza maswali mawili: umebeba nini, na unakunywa nini kingine? Nilikuwa nabeba mapakacha ya karafuu kutoka bondeni, umri wa miaka 63. Tena nilikuwa na simvastatin ya 40 pamoja na amlodipine ya presha, na hizo mbili zikikutana simvastatin haitakiwi kuzidi 20. Aliyeniandikia mwanzo hakuliona hilo. Nikahamishiwa atorvastatin, mwaka wa nne huu sijasikia kitu.

Na London mwaka 2020 waliwachukua watu 60 walioacha dawa hizi kwa sababu ya maudhi, wakawapa chupa za mwezi mmoja mmoja, nyingine zina dawa, nyingine zina vidonge vitupu, nyingine hazina kitu. Maumivu yalipanda kwa vidonge vitupu karibu sawa na kwa dawa yenyewe. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila asilimia 90 yaliletwa na kule kumeza kidonge ukikingojea kikuumize. Nilipolisoma hili nilicheka peke yangu. Lakini misuli ikiuma sana na kulegea, na mkojo ukawa kama chai ya rangi, simamisha na uende hospitali saa ile ile. Ni nadra, ila huharibu figo.

Ukipewa dawa za vidonda vya tumbo, mwambie muuza dawa unakunywa atorvastatin, kwani mara nyingi ndani yake mna klarithromaisini, dawa ya kuua bakteria, nayo huipandisha dawa yako kwenye damu. Na hili lilikuwa la mama yako, amekataa kushika kalamu: siku zako za mwezi zikipita usizione, huenda ikawa mimba, simamisha kidonge kwanza, ukamuone daktari.

Habbasoda na kitunguu thomu endelea navyo, sina ugomvi navyo, ila visikae mahali pa kidonge. Tui la nazi lipunguze. Najua hilo limekuuma kuliko sindano.

Nduguyo anapanda boti Alhamisi. Nimempa samaki wakavu na karafuu. Halua haiji, unajua kwa nini. Mabalungi uliyoagiza nayo sikumpa. Maji yake yakizidi huipandisha dawa hii vilevile, na najua moja halidhuru, lakini wewe sijapata kukuona ukila moja tu.

Baba yako