Uliza Tukujibu: Naogopa maji, nitaweza boti la mpira kule Jinja?

SWALI: Habari za kazi dada. Mi ni msomaji wenu, niko Buswelu hapa Mwanza, mama wa watoto wawili. Mume wangu na ndugu zake wamepanga Desemba twende Jinja, Uganda, kwenye mto Nile tupande yale maboti ya mpira, anasema ni safari ya taratibu tu ya kuangalia mandhari mnaongozwa na mtu anayeujua mto, ila shemeji akanionesha video kwenye simu watu wanarushwa juu kama magunia boti linapinduka, nikaishiwa nguvu. Ukweli naogopa maji. MV Bukoba ilipozama 1996 nilikuwa darasa la tatu, tukampoteza shangazi, mpaka leo nikipita Igoma kwenye yale makaburi moyo unaenda mbio. Sitaki kuwaharibia wenzangu likizo. Mama mkwe naye anakuja, ana miaka 63. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na pole ya shangazi. Mi nimekulia Kirumba, ile tarehe 21 Mei naijua ilivyokuwa mji huu, kwa hiyo siwezi kukwambia usiogope. Nitakwambia mto ulivyo alafu uamue mwenyewe.

Tuanze na hiyo video. Muulize shemeji ni ya mwaka gani, manake Nile ya pale Jinja imebadilika sana. Yale maporomoko ya Bujagali yaliyokuwa maarufu yamefunikwa na maji ya bwawa la umeme la Bujagali lililokamilika 2012, alafu 2019 likaja bwawa la Isimba huko chini nalo likameza maji ya kasi mengine. Kwa hiyo video nyingi zinazozunguka ni za mto ambao leo hauko vile. Maji makali bado yapo, ila yana sehemu yake, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanadhani upole wa safari unatokana na boti. Hapana, boti ni lile lile, kinachobadilika ni kipande cha mto mnachopitishwa.

Maji ya mto yanapimwa kwa gredi 1 mpaka 6. Gredi 1 maji yanatembea tu, 2 kuna viwimbi vya kukurushia maji usoni, 3 unaanza kushikilia kamba kwa nguvu, na hizo za kurusha watu ni 4 na 5. Gredi 6 ni hatari hata kwa waliobobea. Safari ya familia inatakiwa iwe 1 na 2. Sasa we usikubali neno "taratibu" peke yake, mume wako apige simu kabla hajalipa aulize mnaanzia wapi mnaishia wapi, maji makali kuliko yote njiani ni gredi ngapi, na mtu asiyetaka kupita hapo anaweza kushuka akatembea ukingoni? Kampuni inayojua kazi inajibu hapo hapo bila kuzunguka. Ikianza kukwambia "msijali, ni raha tu", tafuteni nyingine.

Kitu kingine cha kukutuliza, Nile inatoka ziwani kwetu, Ziwa Victoria, yaani ziwa lenyewe ndio tangi lake, na pale Jinja kuna mabwawa ya Nalubaale na Kiira yanayopitisha maji kwa kipimo. Sio kama mito ya milimani ambayo mvua ikinyesha huko juu inakuja ghafla imejaa. Na maji yake sio ya baridi.

Boti nalo ulijue. Ule mpira haujajazwa hewa kama tairi moja, umegawanywa vyumba vyumba, kimoja kikitoboka vingine vinabaki vimejaa. Maboti mengi sakafu ina matundu pembeni, maji yakiingia yanatoka yenyewe, hamna cha kuchota na kopo kama kwenye mitumbwi yetu. Alafu kuna aina mbili: mnayopiga makafi wenyewe mwongozaji akiwa nyuma anawapa amri, na ile yenye fremu ya chuma katikati, mwongozaji anavuta makasia makubwa mawili nyie mmekaa tu mnashikilia. Mama mkwe muombeeni hii ya pili. Kama ana presha au magoti yanasumbua aongee na daktari wake kwanza, na kampuni iambiwe mapema, msifiche.

Nije kwenye hofu yako yenyewe. Kwenye MV Bukoba watu wengi walikuwa ndani ya meli, ikapinduka nao wakashindwa kutoka. Kwenye boti la mpira hakuna ndani, umekaa juu, na jaketi la kuokolea maisha umeshalivaa kabla hujagusa maji.

Jaketi ndio roho ya safari nzima, nisikilize vizuri hapa. Mara ya kwanza nilipoenda (kampuni siitaji) nilipewa lenye kifungo kimoja kimevunjika, wakaniambia "hilo litakutosha dada," nikaona aibu kusema. Mwongozaji mmoja, kijana mwembamba tu, akaja akanishika mabegani pale kwenye mikanda akalivuta juu kwa nguvu, likapanda mpaka masikioni, kidevu changu kikazama ndani. Hakusema neno, akalivua, akaleta lingine, akakaza mikanda kuanzia wa chini kwenda juu, akavuta tena. Safari hii halikusogea, mi mwenyewe ndio niliinuka na vidole vya miguu. Hicho ndicho kipimo, na ufanye hivyo hivyo kwa watoto wako kwa mikono yako mwenyewe. Lazima libane kiasi cha kukukera.

Ukidondoka, ambayo kwenye gredi 1 na 2 hutokea mara chache, lala chali, miguu mbele kuelekea maji yanakoenda, vidole vya miguu uvione juu ya maji. Usijaribu kusimama hata pakionekana kina ni kifupi, manake mguu ukinasa kwenye mawe maji yanakulaza kifudifudi. Subiri kamba au mkono. Waombe mfanye hilo zoezi kwenye maji yaliyotulia kabla hamjaanza, ukishaelea mara moja na kuona jaketi limekubeba mwili unaelewa haraka kuliko maneno yangu yote haya.

Na ukifika katikati, kafi limewekwa magotini, kingo zote mbili zimepanda juu na miti, mnandi wamekaa kwenye miamba wameanika mabawa, husikii injini wala honi, kuna wakati nilisikia matone yanadondoka kutoka kwenye kafi la mwenzangu. Natamani na wewe uyasikie. Ila ukifika pale mwili ukakataa, kaa ukingoni na mama mkwe mle samaki, wala hujaharibu likizo ya mtu.

SWALI: Sisi vijana wanne wa Sengerema tunataka kwenda huko Jinja kwa basi. Viza tunalipa? Na nimesikia kuna kichocho, ni kweli?

JIBU: Mtanzania hahitaji viza Kenya wala Uganda, ila pasipoti iwe hai. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano Uganda wanaitaka, na inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, msiende kuchanja mkiwa mmeshakata tiketi ya kesho. Nyie mlioko Sengerema mkipita Geita, Bukoba, Mutukula mpaka Kampala ni sawa kabisa, wa Mwanza mjini wengi wanapitia Musoma, Sirari, Kisumu na Busia.

Kichocho ni kweli, kipo kule kama kilivyo huku kwetu ziwani. Ukitoka majini jikaushe na taulo. Ila usikimbilie kumeza praziquantel, ile dawa ya kichocho, wiki hiyo hiyo, dawa haiui vizuri minyoo ikiwa bado michanga, subiri wiki 6 mpaka 8 ndio uende kupima hata kama hujisikii vibaya. Andika tarehe kwenye simu.