Andaa Mkutano kwa Ajili ya Yule Aliyekuja Peke Yake

Mara yangu ya kwanza kuhudhuria mkutano wa watengenezaji wa tovuti ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 2014, katika ukumbi wa Buni, ndani ya jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, pale Kijitonyama, Dar es Salaam. Nilishuka daladala kituo cha Sayansi dakika 20 kabla ya muda, nikalizunguka jengo mara mbili kwa kuona haya kuingia, kisha nikaketi safu ya nyuma kabisa nikiwa nimeikumbatia kompyuta yangu. Mada ilikuwa namna ya kufanya kurasa za tovuti zikae vizuri kwenye kioo cha simu, nami nilielewa nusu yake. Wakati wa chai kila mtu alikuwa na kundi lake, na mimi nilisimama karibu na meza ya maji nikijifanya nasoma ujumbe. Ningeondoka na nisingerudi tena, kama si dada mmoja wa kamati ya maandalizi aliyenifuata, akaniuliza ninashughulika na nini, kisha akaniambia, "Njoo huku, kuna kaka amekwama hapo hapo ulipokwama wewe."

Tangu siku hiyo nimehudhuria mikutano mingi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa miongoni mwa wanaoandaa mkutano wa kila mwezi hapa mjini. Ushauri wangu wote unatokana na ile meza ya maji: kila uamuzi wa mwandaaji, kuanzia saa ya kuanza hadi lugha ya mzungumzaji, upimwe kwa jinsi utakavyomgusa mtu aliyekuja peke yake na asiyemjua yeyote ukumbini. Wenyeji watafurahi kwa vyovyote vile, kwa kuwa wanafahamiana. Huyu mgeni ndiye atakayeamua kama mkutano wako utakuwapo mwakani.

Nianze na anayehudhuria. Usiende mikono mitupu. Nenda na tatizo moja la kweli, dogo, linaloweza kuonyeshwa kwenye kompyuta kwa dakika 5. Kwa muda mrefu nilikuwa nikienda kusikiliza tu, nikiandika vichwa vya mada kwenye daftari ambalo sikulifungua tena, hadi siku moja nilipokwenda na tovuti ya mteja wangu wa Kariakoo iliyogoma kupokea taarifa za malipo ya simu. Mteja analipa, fedha zinakatwa, lakini oda inabaki imeandikwa kwamba haijalipwa. Nilikuwa nimehangaika nayo kwa siku 4. Wakati wa chai niliiweka kompyuta juu ya meza, kaka mmoja akainama, akaomba nimfungulie kumbukumbu za seva, akazisoma kimya huku sambusa yake ikipoa, kisha akanionyesha kwamba cheti cha usalama cha seva yangu kilikuwa kimekwisha muda, hivyo mfumo wa malipo ulikuwa unakataa kuzungumza nayo. Ilimchukua dakika zisizozidi 10. Siikumbuki mada hata moja ya siku hiyo, lakini huyo kaka tunafanya kazi pamoja hadi leo.

Lipo pia jambo dogo la namna ya kusimama, ambalo ningependa kila mhudhuriaji alifahamu. Eric Holscher, mmoja wa waanzilishi wa Write the Docs, jumuiya ya waandishi wa maelezo ya programu, aliandika kuhusu kile alichokiita kanuni ya Pac-Man: watu wanaozungumza wakiwa wamesimama kwenye duara waache daima nafasi ya mtu mmoja, mfano wa mdomo ulio wazi wa yule mhusika wa mchezo wa kompyuta, na mtu akishaingia, duara lipanuke ili nafasi nyingine ibaki. Kwetu hili linapaswa kuwa jepesi, kwa kuwa ndivyo tunavyosogea kwenye mkeka anapotokea mgeni wakati wa kula, lakini nimeshuhudia mara nyingi duara la watu waliowapa wageni migongo, nao wageni wakiwa wamejipanga ukutani. Sisi hulitangaza jambo hili mwanzoni mwa kila mkutano, kwa sentensi mbili, na mshereheshaji hulikumbusha kabla ya mapumziko.

Makongamano makubwa yana taratibu zake. Novemba 2023 Zanzibar ilipokea DjangoCon Africa ya kwanza, kongamano la watumiaji wa Django, programu ya kujengea tovuti, na nilivuka kwa boti nikiwa nimepanga kusikiliza kila mada kuanzia asubuhi hadi jioni. Siku ya pili kichwa kilikuwa kimejaa na nilikuwa sijazungumza na mtu zaidi ya salamu. Nilibadili mpango: nikachagua mada tatu kwa siku, na muda uliobaki nikautumia barazani na wazungumzaji wenyewe, ambao wakishashuka jukwaani huwa tayari kueleza yale waliyoyakata kwa kukosa muda. Zaidi ya hapo, usiondoke mada zinapokwisha. Makongamano mengi ya programu huria, yaani zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia na kuziboresha, hufuatiwa na siku za kufanya kazi pamoja, ambapo anayeanza huketi bega kwa bega na watu wanaoitunza programu yenyewe na kusahihisha kosa dogo, hata kama ni la maelezo ya matumizi tu, na nauli yako hurudi hapo kuliko mahali pengine popote. Kama nauli ndiyo kikwazo, soma tangazo lote hadi mwisho, kwa sababu makongamano mengi ya aina hii hutenga fungu la kuwasafirisha wasio na uwezo, na maombi hufungwa miezi kadhaa kabla. Wengi wetu hulikosa fungu hilo kwa sababu tulisubiri tarehe ikaribie.

Sasa niwageukie wanaotaka kuandaa. Anza na mkutano mdogo wa kila mwezi, wenye tarehe isiyobadilika, kabla hujawaza kongamano. Watu 15 wanaokutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwa mwaka mzima watajenga kitu ambacho kongamano moja la watu 300 haliwezi kukijenga, kwa kuwa aliyekosa mwezi huu anajua bila kuuliza lini atawakuta tena. Ukumbi usikutishe: vyuo vina madarasa yanayokaa wazi Jumamosi, na barua rasmi iliyoandikwa wiki tatu kabla hufungua milango mingi. Wala usihofu kukosa wazungumzaji. BarCamp ya kwanza, mkutano wa watu wa teknolojia uliofanyika Palo Alto, Marekani, mwaka 2005, haikuwa na ratiba iliyopangwa tangu awali. Waliohudhuria ndio waliojaza ubao kwa mada walizokuwa tayari kuzisema wenyewe. Tumefanya hivyo mara nyingi tulipopungukiwa wazungumzaji, na baadhi ya mada bora zaidi zimetoka kwa watu waliofika bila nia ya kuzungumza.

Muda wetu ni saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Tulianza na mikutano ya jioni katikati ya wiki, kama tulivyosoma kwamba hufanyika kwingineko, tukaona wahudhuriaji wa maeneo ya mbali kama Mbagala na Gongo la Mboto wanainuka kabla mada ya pili haijaanza, na akina dada wanapungua mwezi hadi mwezi. Dada mmoja alitueleza wazi kwamba kushuka kituoni saa 4 usiku na kutembea peke yake na kompyuta begani ni jambo ambalo hawezi kulifanya mara mbili. Tulihamia Jumamosi asubuhi, na baada ya miezi miwili hali ilibadilika kabisa.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Projekta ijaribiwe siku iliyotangulia kwa kompyuta ya mzungumzaji mwenyewe, na adapta za aina zote ziwemo mkobani. Ekstensheni hazitoshi kamwe. Intaneti ya ukumbi usiitegemee hata ukiahidiwa, kwani Wi-Fi iliyotosha watu 8 wa ofisi hulemewa na watu 60, hasa warsha inapoanza na wote wakapakua mafaili yale yale kwa wakati mmoja. Sisi huyapakua mafaili yote usiku wa kuamkia mkutano, tukayaweka kwenye flashi 6 zinazozungushwa mezani, na pia kwenye kompyuta moja iliyounganishwa na ruta isiyo na intaneti, ili kila mtu ayachukue humo humo ukumbini. Umeme ukikatika, warsha inaendelea hadi betri zitakapoisha.

Jambo lililotugharimu zaidi halikuwa la vifaa. Katika mkutano wetu mkubwa wa kwanza tulimwalika mgeni rasmi, kwa nia njema, tukiamini kwamba uwepo wake ungewavuta wadhamini. Ufunguzi ulipangwa saa 3. Saa 4 tukaambiwa yuko njiani. Saa 5 bado tulikuwa tumesimama mlangoni tukisubiri gari lake, huku ndani wanafunzi waliotoka Morogoro kwa basi la alfajiri wameketi mbele ya jukwaa tupu, na mzungumzaji wetu wa kwanza, kijana aliyejiandaa kwa mwezi mzima, akiikunja na kuikunjua karatasi yake. Alipofika, hotuba zilichukua saa nzima na picha za pamoja nusu saa. Kijana yule alipewa dakika 12 badala ya 40. Sikuwahi kumwona tena kwenye mkutano wetu, na hilo bado linaniuma. Heshima kwa viongozi ni jambo jema na sishauri kuiacha. Mgeni rasmi akaribishwe, lakini ratiba ianze kwa mada, na nafasi yake iwe baada ya chai, ili akichelewa kazi iwe imekwisha kuanza, na akiwahi asikie vijana wanafanya nini.

Lugha ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote. Kwa miaka miwili ya mwanzo wazungumzaji wetu karibu wote walitumia Kiingereza, kwa kuwa slaidi zimeandikwa kwa Kiingereza na ndiyo lugha ya vitabu vya kazi yetu. Muda wa maswali ukifika, watu wale wale watatu walinyoosha mikono. Kisha mwezi mmoja mwalimu mmoja wa chuo alieleza kwa Kiswahili kitupu kwa nini tovuti huonyesha picha ya zamani hata baada ya kubadilishwa kwenye seva. Alisema kivinjari, yaani programu tunayofungulia tovuti, ni kama mwenye duka anayeweka mfuko wa sukari uliofunguliwa hapo kaunta ili asiende stoo kila anapokuja mteja. Sukari ya stoo ikibadilishwa na yeye asiambiwe, ataendelea kupima ile ya zamani. Ukumbi ulitulia, kisha mikono ikanyooka hadi tukakosa muda, na wa kwanza kuuliza alikuwa binti aliyekuwa amehudhuria mara tano bila kusema neno. Leo tunamwomba kila mzungumzaji aeleze kwa Kiswahili, slaidi zake akipenda zibaki kwa Kiingereza, na majina ya zana ayaache yalivyo. Mzungumzaji anayetoka nje ya nchi tunamheshimu kwa lugha yake, tukimweka mtu wa kufupisha kila baada ya dakika 10.

Fedha huleta mitihani ya aina mbili. Wapo watakaokuuliza kama kuna posho, na jibu liwe wazi kwenye tangazo lenyewe: hakuna posho, kuna chai, sambusa na maji, na mwanafunzi wa mbali aandike mapema ili asaidiwe nauli. Tulipolisema hivyo, idadi ilipungua kidogo na waliobaki walikuja kwa ajili ya kazi. Mtihani wa pili ni wa mdhamini. Kampuni moja iliwahi kukubali kulipia chakula chote kwa sharti la kupewa orodha ya majina na namba za simu za wahudhuriaji. Tulikataa, tukanywa chai kavu mwezi ule. Watu walitupa namba zao ili tuwaarifu kuhusu mkutano, hawakutupa ili wauziwe bidhaa, na sasa Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, kwa hiyo mwandaaji anayegawa orodha bila ridhaa anajiingiza pabaya. Omba jina na njia moja tu ya mawasiliano. Picha nazo zina haki zake: kwetu asiyetaka kupigwa picha huvaa utepe mwekundu, na mpiga picha wetu hujua kumruka.

Siku ya mkutano, mpe mtu mmoja kazi ya mlangoni, na kazi hiyo isichanganywe na nyingine yoyote. Chagua mwenye uso mkunjufu na kumbukumbu nzuri. Amwulize kila anayeingia kama ni mara yake ya kwanza, na kama ndiyo, asimwonyeshe tu kiti bali amfikishe kwa mtu mmoja, kwa jina na kwa sababu: "Huyu naye anajenga duka la mtandaoni, zungumzeni." Mimi ndiye ninayesimama mlangoni siku hizi. Jumamosi iliyopita nilitoka kutazama kama kibao chetu kimeanguka, nikamkuta kijana amesimama chini ya mwarobaini ng'ambo ya barabara, begi mgongoni, akitazama mlango kisha simu, mlango kisha simu. Nilivuka, nikamsalimu, nikamwuliza anashughulika na nini.