Kifurushi kikifunguka nusu

Skripti yangu ya kusakinisha vifurushi ilikuwa na mstari huu: `tar -xvzf kifurushi.tar.gz | tee logi.txt`. `tar` hufungua kifurushi, na `tee` huonyesha inachopokea huku ikikiandika kwenye faili. Nilitaka majina ya mafaili niyaone kwenye skrini na yabaki kwenye logi pia. Miezi ikapita salama, mpaka siku programu ikagoma kuwaka, ikidai maktaba fulani haipo. Nafungua logi: safi kabisa. Skripti nayo imeandika "Imekamilika".

Kumbe upakuaji ulikatika njiani. `tar` ililalamika, ila malalamiko hutokea mlango wa hitilafu (stderr), na ile alama ya `|` hubeba matokeo ya kawaida tu. Kibaya zaidi, amri zikiungwa hivyo, shell (programu inayoendesha amri za skripti) husikiliza jibu la amri ya mwisho. `tar` ilirudisha 2 (imeshindwa), `tee` ikarudisha 0 (imefaulu), shell ikaamini `tee`. Nilikuwa na `set -e`, inayosimamisha skripti amri ikishindwa, juu kabisa ya skripti, nikilala usingizi mnono! Kwenye bash, ongeza `set -o pipefail`, ili amri yoyote katika mnyororo ikishindwa, mnyororo mzima uhesabiwe umeshindwa.

Kisha kuna ile folda iliyofunguka nusu. `tar` ikishindwa haifuti ilichokwisha kutoa. Skripti yangu ilipoendeshwa tena ikakuta folda ipo, ikaruka hatua nzima. Siku hizi nafungulia kwenye folda ya muda, na kila kitu kikikubali ndipo naihamisha kwa `mv`. Folda hiyo iwe kwenye mfumo wa mafaili (filesystem) uleule. Ukivuka mfumo huo, `mv` inanakili faili moja moja, na kunakili nako hukatika.

Usimeze ujumbe wa asili. Zana inayosema tu "imeshindikana kufungua" hunitia hasira, maana dawa hazifanani. "unexpected end of file": limekatika, pakua upya. "No space left on device": diski imejaa, hata upakue mara kumi. "not in gzip format": chungulia kwa `head -c 200`. Mara nyingi utakuta ukurasa wa HTML wa 404 (haukupatikana), kwa sababu `curl`, zana ya kupakua, bila `-f` huuhifadhi kana kwamba ndio kifurushi.

Kabla ya kufungua napitisha `gzip -t`, inayosoma faili lote na kulinganisha CRC32, namba ya ukaguzi iliyo mkiani. Hiyo hunasa uharibifu, si hila ya mtu. Kwa hila linganisha SHA-256, alama ya kidole ya faili, na ile ya mchapishaji.

`tee` sijaiondoa. Kabla ya `|` sasa kuna `2>&1`, inayopeleka hitilafu nazo kwenye njia ya matokeo ya kawaida.