Maswali yenu kwa Anti: siku ukikutana na staa wako utamwambia nini?

Toleo lililopita niliwauliza ni mwanamuziki au mchekeshaji gani mngetamani kukutana naye ana kwa ana, na barua zilizokuja ni nyingi kuliko nilivyotegemea, zingine ndefu kweli kweli. Nimezisoma zote. Hizi chache ndo zimenikaa kichwani.

SWALI: Shikamoo Anti. Kuna mpiga gitaa nampenda tangu niko darasa la nne, nyimbo zake zote nimezikariri mpaka pale anapokohoa. Mwezi ujao anapiga laivu na nimebahatika kupata tiketi ya kwenda nyuma ya steji baada ya shoo, nasikia kila mtu anapewa kama dakika mbili. Naogopa nitaganda nishindwe hata kusema jina langu. Niseme nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Kuganda kupo, usijilaumu, mimi yalinikuta miaka mingi iliyopita kwa mpiga gitaa mmoja ambaye nyimbo zake zimenilea. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri kabisa, alafu nilipofika mbele yake nikasema "nakupenda sana" akasema "asante" na hapo pakawa kimya. Kilichoniokoa ni mkono wake. Aliponipa mkono wa kushoto, maana wa kulia alikuwa ameshika taulo, nikahisi ncha za vidole vyake zina sugu ngumu kama ukucha, nikamuuliza bila kufikiria, hizi zilianza kuuma lini na ziliacha kuuma lini? Yaani yule mzee aliyekuwa amechoka hoi akavuta kiti. Akaniambia habari za nyuzi za waya alizoanzia, jinsi zilivyokuwa zinamchana akiwa mdogo anaficha vidole mama yake asivione, akanionyesha na kidole kimoja ambacho mpaka leo hakinyooki sawasawa. Dakika mbili zikawa kama kumi hivi, mpaka watu wa ulinzi wakaanza kukohoa mlangoni.

Kwahiyo ushauri wangu ni huu, usiende na sifa, nenda na swali moja, tena liwe dogo na linalohusu kazi yake. "Nakupenda" anaambiwa na watu elfu kila wiki na hana la kujibu zaidi ya asante. Ila ukimwambia kwenye wimbo fulani, ubeti wa pili, kuna mahali gitaa linanyamaza kidogo alafu linaingia upya, ulifanya makusudi au ilitokea tu? hapo atajua umemsikiliza kweli. Mimi kwa mfano Franco Luambo, mpiga gitaa wa bendi ya TP OK Jazz ya Kongo, sikuwahi kukutana naye, alifariki 1989, lakini swali langu kwake ninalo mpaka leo. Akiwa bado mtoto alijitengenezea gitaa lake la kwanza kwa kopo na nyaya za umeme zilizochunwa. Ningemuuliza ile sauti ya kopo kuna siku iliwahi kumrudia akiwa ameshika gitaa la kweli.

Swali liandike kwenye karatasi uweke mfukoni. Selfi omba mwishoni, na uombe kwanza, usimvizie tu na simu. Alafu jina lako anza nalo, hata kama sauti inatetemeka.

SWALI: Anti, mwimbaji ninayempenda alinitumia meseji inboksi, picha ni yake na jina ni lake, tumechati wiki tatu na ananiita mpenzi wa muziki wake namba moja. Sasa anasema tunaweza kukutana ila nitume kwanza hela ya usajili kwa meneja wake. Dada yangu anasema natapeliwa, mimi naona ana wivu. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, sikiliza dada yako. Huyo si yeye. Najua inauma maana wiki tatu si mchezo na yale maneno mazuri uliyaamini, lakini msanii mkubwa hakutafuti wewe mmoja mmoja inboksi kukuomba hela, na tiketi za kukutana naye zinauzwa pale pale zinapouzwa tiketi za shoo, zikitangazwa kwenye kurasa zake rasmi. Fungua ukurasa wake wenyewe ulinganishe jina herufi kwa herufi, mara nyingi utakuta kuna nukta imeongezwa au herufi moja imerudiwa. Hata akikupigia video usiridhike, siku hizi sura na sauti vinatengenezwa na kompyuta na mtu wa kawaida hatambui. Usitume hata senti, usimpe namba za siri wala picha ya kitambulisho, iripoti hiyo akaunti. Na kama kuna kiasi ulishatuma ukaona aibu kuniandikia, wapigie leo hii benki au kampuni ya simu uliyotumia, kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kuzuia hiyo hela. Aibu iache kabisa, wanaokufanyia hivyo ndo kazi yao ya kila siku.

SWALI: Mimi nina shida ya tofauti, niliyempenda nilikutana naye kweli na alinijibu vibaya mbele ya watu. Tangu hapo nikisikia wimbo wake nazima redio. Ni mwaka sasa.

JIBU: Pole sana, hilo ni jeraha na wengine wanalichukulia kama utoto. Si utoto. Wimbo wa mtu unakaa na wewe kwenye misiba yako na furaha zako, kwahiyo akikudharau unaona kama amedharau na yale yote.

Naomba nikupe upande mmoja ambao hatuuoni. Mtu akishuka stejini baada ya saa mbili, masikio bado yanapiga kelele, koo limekauka, mwili bado unatetemeka, na wapo waimbaji wanaoambiwa wapumzishe sauti baada ya shoo ili waitunze. Ukimkuta hapo unaweza kumkuta si yeye. Lakini sisemi ulipaswa kuvumilia, kumuumbua mtu mbele ya watu ni vibaya, uchovu uwepo usiwepo. Wimbo usiuzime kwa ajili yake. Kuna aliyepiga besi mle, kuna wa ngoma, kuna fundi mitambo aliyekaa usiku kucha kuutengeneza, na hao hawajakukosea kitu.

SWALI: Wote ninaotamani kukutana nao wameshakufa Anti. Bi Kidude, Miriam Makeba, Cesária Évora. Nimezaliwa nimechelewa.

JIBU: Umetaja mama zangu watatu, hujui ulivyonifurahisha! Bi Kidude aliyeimba taarab na kupiga ngoma za unyago mpaka uzeeni kabisa, akapewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, 2005, akatuacha Aprili 2013. Cesária wa Cape Verde aliyepanda steji peku, dunia imekuja kumjua vizuri ana miaka hamsini na kitu, katikati ya shoo anakaa kwenye meza yake anavuta sigara na bendi inaendelea, alafu anainuka anaimba kama hakuna kilichotokea. Na Mama Makeba wa Afrika Kusini, Novemba 2008 kule Italia, ana miaka 76, aliimba shoo yake kisha akaanguka, akafariki usiku ule ule.

Hujachelewa kabisa lakini. Waliopiga nao wengine bado wako hai, na wapiga vyombo hawana foleni ya mashabiki mlangoni. Watafute hao. Mpiga ngoma aliyekaa mita mbili nyuma ya mwimbaji kwa miaka ishirini anajua alivyokuwa anavuta pumzi kabla ya ubeti, anajua siku gani aliimba akiwa na homa. Hayo hata mwimbaji mwenyewe asingekusimulia.

SWALI: Mchekeshaji nikimkuta nimwambie anichekeshe kidogo?

JIBU: Hapana. Rowan Atkinson, huyo Mr. Bean, ana kigugumizi na alisomea uhandisi wa umeme mpaka digrii ya pili. Nje ya steji wengi ni watu wakimya tu, msalimie kama mtu.

SWALI: Na wewe Anti, ungechagua nani?

JIBU: Evelyn Glennie, mpiga ngoma wa Scotland, na yuko hai. Usikivu wake ulikuwa umeshaondoka karibu wote alipofika miaka 12. Mwalimu wake alikuwa anapiga zile ngoma kubwa za orkesta, yeye anaweka viganja ukutani anasikiliza kwa mikono, mpaka akajua sauti nene zinamfika miguuni na nyembamba usoni na shingoni. Ndo maana anapiga peku. Akaja kupata tuzo ya muziki ya Grammy, na 2012 kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London aliongoza wapiga ngoma elfu moja. Mimi ningevua viatu kwanza, nisimame naye kwenye sakafu ile ile, nimwombe apige mara moja tu, alafu nimuulize hiyo imekufikia wapi, nimwonyeshe na mimi imenifikia wapi.