Ekari 12 nisizokuwa nazo

Mwishoni mwa Desemba, msimu wa 2022/23, nilipanda bodaboda kutoka kijijini mpaka Kasulu mjini kufuata mifuko miwili ya yurea, mbolea ya kukuzia, kwa bei ya ruzuku. Mahindi yalikuwa yamefika magotini na yameanza kuwa ya njano. Wakala akaingiza namba yangu ya usajili, akasubiri mtandao, kisha akanigeuzia simu nione: "Mzee wangu, mbolea yako umeshamaliza."

Sikuwa nimemaliza chochote. Oktoba nilimpa kijana mmoja namba ile anichukulie mifuko miwili ya kupandia. Akaileta, nikampa na hela ya soda. Basi.

Ruzuku yenyewe tuliipokea kwa mikono miwili. Baada ya korona, na vita ya Ukraine juu yake, bei ya mbolea ilipaa. Serikali ilipoweka ruzuku mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ukashuka hadi kama shilingi 70,000. Silalamikii mpango. Nasema unavyoliwa.

Nilikwenda ofisi ya kijiji kuomba kuona daftari la wakulima. "Rudi Jumatatu." Jumatatu, mwenye ufunguo wa kabati kasafiri. Mara ya tatu nilibeba kigoda changu nikakaa mlangoni (ya kigoda simshauri kila mtu, mke wangu alininunia wiki nzima), na saa nane mchana daftari likatoka. Mbele ya jina langu: ekari 12. Mimi ninazo mbili, na moja kati ya hizo tunagombania na shemeji. Mgawo hupimwa kwa ekari, kwa hiyo kuna mtu aliyejichotea kwa jina langu. Nani, sikupata ushahidi, simtaji.

Mkopo ambao serikali ilichukua mwaka 2021 kwa ajili ya UVIKO, yaani korona, zile shilingi trilioni 1.3, ulijenga madarasa, na darasa hata mtoto analihesabu. Mbolea ikishayeyuka ardhini kinachobaki ni karatasi tu. Marekani mwaka 2020 walitenga dola bilioni 16 kuwalipa wakulima moja kwa moja kwa hasara ya korona, na majina ya waliolipwa pamoja na kiasi yakaja kuwekwa hadharani, jirani akasoma cha jirani. Sisi tunafungia daftari kabatini.

Kwa hiyo siku ya kujiandikisha usiondoke mpaka umesoma kwa macho yako ekari ulizoandikiwa. Kama husomi, nenda na mjukuu. Namba usimpe mtu, hata awe mwanao, na stakabadhi idai hata kama wakala anakunja uso.

Lakini dawa hasa ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kila baada ya miezi mitatu. Usisimame kumtuhumu mtendaji, watakuzima kwa kupiga makofi. Omba kitu kimoja tu: orodha isomwe, jina, ekari, mifuko. Kwetu ilisomwa Machi. Lilipofika jina la bibi mmoja tuliyekuwa tumemzika mwaka mmoja nyuma, na mifuko yake sita, watu walicheka kwanza. Halafu pakawa kimya, tunasikia kuku tu.

Wakigoma kusoma, andika barua na uitaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, maana barua isiyo na muhuri huwa "haikufika".

Msimu uliofuata orodha ilibandikwa ukutani, nje ya ofisi. Mbele ya jina langu: ekari 2. Nikaipiga picha, nikamtumia na shemeji. Akajibu kwamba ni moja.