Kuunda boti ya mbao nyumbani na mzee: kabla hujakoroga gundi soma hapa

Mkuu uliyeuliza kama unaweza kuunda boti ya plaiwudi nyumbani na baba yako aliyestaafu wakati hakuna fundi kati yenu, jibu ni inawezekana. Mimi na mzee wangu tulishafanya, boti ya makasia ya futi 12, ikatula miezi 7 ya wikiendi tu, na kuna wikiendi tulikuwa hata hatuongei. Nakuandikia pale palipotutesa, mengine mchoro wako utakuelekeza.

Kwanza pima mlango. Usicheke, sisi tulianzia stoo, mzee ndo akauliza hivi hii ikishakuwa boti inatokea wapi, tukahamisha kila kitu nje chini ya turubai.

Mtindo wetu ni ule wa kushona na kugundisha, uliovuma Uingereza kuanzia 1963 kupitia kile kiboti cha tanga kinachoitwa Mirror. Unakata plaiwudi kama fundi cherehani anavyokata kitambaa, unatoboa matundu madogo kandokando, unafunga vipande kwa waya wa shaba, na ukikaza waya vinajikunja vyenyewe unaona boti hii hapa. Halafu kona za ndani unazijaza epoksi, ile gundi ya kuchanganya na dawa ya kugandisha, iliyokorogwa na unga wa mbao, juu yake utepe wa fibaglasi. Ndo maana haihitaji mataruma mengi, yaani zile mbavu za ndani. Zile za mbao nene, za mkuku (uti wa mgongo wa chini) na kukalafati pamba (kuziba nafasi kati ya mbao), hiyo ni shule nyingine na mimi sijaisoma.

Plaiwudi yenyewe karatasi ni milimita 2440 kwa 1220, yaani futi 8 kwa 4, kwa hiyo ya futi 12 lazima uunge. Tuliunga kwa mshazari wa 8 kwa 1, ubao wa milimita 6 unaurandia mteremko wa milimita 48. Kazi hiyo nilimwachia mzee maana mkono wake na randa hauna haraka, na plaiwudi yenyewe inakusema, tabaka zake zinatokeza kama mistari, mistari ikinyooka uko sawa, ikienda kama nyoka rudia. Af kabla hujanunua nyingi chukua kipande ukichemshe kwenye sufuria lisaa hivi, ukianike, kikianza kuachana tabaka achana nayo tu, hata kama muuzaji ameapa.

Sasa epoksi. Mimi nilikoroga karibu nusu lita kwenye kopo refu, nikageuka kubishana na mzee brashi iko wapi, kurudi kopo linatoa moshi na halishikiki. Ile kitu inapoganda inatoa joto, na ikiwa imejazana kwenye chombo chembamba joto halina pa kutokea kwa hiyo inazidi kuharakisha yenyewe. Koroga kidogo kidogo, ukimaliza imimine kwenye trei pana. Na usije ukaongeza dawa ya kugandisha ukidhani itakauka haraka, fuata kipimo cha mtengenezaji, ukizidisha inabaki laini laini milele. Glovu vaa kila mara, ngozi ikishaikataa epoksi basi hata ukiisogelea tu inawasha. Ikikauka ukaona juu ina utelezi kama nta, osha kwa maji kwanza ndo upige msasa, bila hivyo vanishi haitashika.

Lakini kilichonifanya niandike yote haya ni siku moja kabla ya gundi. Boti imeshonwa, imesimama, mimi nina hamu ya kukoroga. Mzee akachukua fito mbili zilizonyooka, moja akailaza kwenye kingo upande wa omo, yaani mbele, nyingine kule tezi, nyuma, akapiga goti nyuma akafumba jicho moja aone kama zinalingana. Kimya. Halafu akasema imepinda. Nikamwambia baba, nimepima kwa futi kamba kila mahali, vipimo viko sawa. Akasema njoo uangalie mwenyewe. Nikapiga goti pale pale, na kweli, fito ya mbele ilikuwa imenyanyuka upande wa kushoto, kulia imezama nyuma ya mwenzake. Kumbe mguu mmoja wa meza tuliyoiegemeza ulikuwa umetitia udongoni, na boti ikiwa na waya tu inafuata chochote kilicho chini yake. Futi kamba haikuliona hilo. Ningemwaga gundi siku ile, upinde ule ungegandia humo na hakuna randa ya kuutoa, tungekuwa na boti inayovuta upande mmoja kila ukipiga kasia.

Akachukua penseli akaandika BADO ubavuni, kwa ndani, herufi kubwa. Nilinuna kwa kweli. Tukalegeza waya karibu 30, tukachomeka kabari chini ya mguu, tukakaza upya, tukachungulia tena. Bado. Mara ya tatu ndo fito zikalaliana.

Kwa hiyo mkuu kabla hamjaanza kubalianeni nani ana neno la mwisho na kwenye nini. Sisi tuligawana baada ya ugomvi ule: vya kupima na kukoroga vyangu, vya jicho na randa vyake, na yeyote akisema simama tunasimama bila kuulizana sababu hadi chai. Na usisahau kuziba vyumba vya hewa mbele na nyuma, af siku ya kwanza ijaze maji makusudi mkiwa kina cha magotini uone kama inaelea.

Ya kwetu ilielea. Lile neno nilikusudia kulifuta kwa msasa, nikasahau, epoksi ikapita juu, vanishi nayo ikapita. Liko chini ya benchi la nyuma, upande anaokaa yeye.