Jungle ndani ya Amiga 500

SWALI: Shikamoo kaka. Nimepata Amiga 500, kompyuta ya zamani, ya mtumba hapa Birmingham, ina ProTracker, programu ya kutungia muziki. Kumbukumbu ni kilobaiti 512 tu! Watu walitengenezaje jungle, ule muziki wa ngoma za kasi, humo?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Zinatosha ukibana. Santuri ya kasi ya 33 (mizunguko kwa dakika) ipige kwa 45 unaporekodi. Sauti inakuwa fupi, inakula nafasi ndogo. Kisha ishushe kwa noti za chini. Mkwaruzo wa biti 8 utakaobaki naupenda mno, usiusafishe!

Ngoma usizikatekate. Pakia mzunguko mzima wa ngoma mara moja, halafu tumia amri ya 9, inayoanzisha sauti kutoka katikati: 910 huanzia baiti ya 4,096, na 920 baiti ya 8,192. Hapo ndipo jungle inapozaliwa, ngoma zikirukaruka upendavyo. Kasi weka mapigo 165 hivi kwa dakika.

Chaneli ni nne: ya 1 na ya 4 hutoka kushoto, ya 2 na ya 3 kulia. Mimi ngoma huzipa mbili, moja kila upande. Besi ya tatu. Sauti nyingine zipokezane ya nne. Aphrodite, mtayarishaji wa jungle, alitumia Amiga na OctaMED, programu nyingine ya muziki yenye chaneli nane, lakini kwenye mashine yako nane hizo hupunguza ubora wa sauti. Anza na nne.